Ndege Niliyemfuta

Mimi hupiga picha za harusi, na kazi yangu naijua. Niletee bibi harusi aliyelia hadi wanja ukamchuruzika, nami nitakupa picha ambayo mama mkwe ataitundika sebuleni bila kuulizwa. Nasema hivi mapema kwa sababu wiki ninayotaka kuisimulia niliimaliza kwenye majitaka ya mji mzima, na watu wakisikia hivyo hudhani kwamba kazi ya harusi imenishinda. Haikunishinda. Dada yangu alivunjika mguu, basi.

Dada ni mwalimu wa baiolojia. Tumezaliwa wawili tu, yeye akatangulia, na tangu hapo hajawahi kusahau kwamba alitangulia. Ana tabia ya kusema jambo mara moja kisha anakukazia macho, kana kwamba kulirudia ni kukutukana. Mwisho wa wiki, wenzake wakienda saluni au wakilala, yeye huvaa buti za mpira, huning'iniza darubini shingoni na kwenda kwenye mabwawa ya majitaka nyuma ya mji. Huko ndiko kila bomba la choo linakoishia. Maji huingia bwawa la kwanza yakiwa hayatamkiki, hutulia, hupita jingine na jingine, na yakifika bwawa la mwisho yamekuwa maji ya kawaida, hayazidi kifundo cha mguu, yenye matete pembeni na tope laini katikati. Katika tope hilo ndimo Dada alimomwona ndege wake.

Ni jamaa ya wale ndege wa ufukweni wenye midomo mirefu, wanaochokoachokoa matope siku nzima. Ila huyu ni adimu na ana haya. Jicho lake limezungukwa na duara jeupe, utadhani amevaa miwani, kwa hiyo nyumbani kwetu tulimwita Miwani na jina likakaa. Wataalamu walikubali kwamba hupita huku akiwa safarini. Dada alisema hapiti tu, anazaliana hapa hapa, kwenye bwawa la mwisho, na hilo walilikataa. Kwenye mkutano mmoja wa watazamaji ndege, mzee mwenye vitabu vyake alimwambia mbele za watu, "Mwalimu, mapenzi si ushahidi." Ukumbi mzima ukacheka. Dada alirudi nyumbani akalala bila kula. Mimi nilitaka kumfuata yule mzee nikampe yake, lakini Dada akanikataza. Alisema mzee kasema kweli, ushahidi hana.

Mwaka huu ndege wakaonekana tena, wawili, na mwaka huu huu tope la bwawa la mwisho likawa limejaa hadi maji hayana pa kukaa. Meneja wa mabwawa akaagiza katapila lije kulichota. Dada akaenda ofisini kwake kumwomba asubiri. Meneja si mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akamwambia, "nionyeshe kiota chenye mayai au vifaranga. Nipe picha. Nikiwa na picha, naanza na mabwawa mengine na hili naliacha mpaka wakue. Bila picha nitawaambia nini wakubwa wangu? Kwamba nimesimamisha katapila kwa ajili ya ndege mpita njia?"

Katapila lilikuwa lianze Jumatatu. Dada alitoka ofisini, akapanda tuta la bwawa la mwisho kwa haraka ya furaha, akateleza.

Nilimkuta sebuleni kwake, kitanda kimeshushwa pale kwa ajili yake, plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Shemeji ni fundi cherehani na hufanyia kazi sebule hiyo hiyo, kwa hiyo mgonjwa alikuwa amezungukwa na sketi za shule zisizo na mishipi. Nilikuja na machungwa. Hakuyatazama.

"Mdogo wangu, ile lenzi yako ndefu bado unayo?"

"Ninayo. Unataka nikupige na plasta yako?"

"Nataka umpige Miwani akiwa kwenye kiota."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikaacha.

"Sikiliza," akasema. "Usiingie kwenye matete, hata hatua moja. Mayai yao yana rangi ya tope lenyewe, utayaona ukishayakanyaga. Utakaa kwenye chumba cha pampu, utatazama dirishani, na utasubiri ndege mwenyewe akuonyeshe. Na mfuate dume. Kwa hawa, dume ndiye anayelalia mayai na kulea. Jike akishataga hana habari tena, anakwenda kutafuta mume mwingine."

"Huyo jike asije akakutana na mke wangu," alisema Shemeji kutoka kwenye cherehani. "Atamfundisha tabia."

"Wewe shona," Dada akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nimfuate dume."

"Likichotwa lile tope," akasema, "hawatarudi. Na mimi nitabaki kuwa yule mwalimu wa mapenzi bila ushahidi." Hapo ndipo nilipoahirisha wateja wangu wote wa wiki ile.

Chumba cha pampu ni kibanda cha matofali kwenye tuta, kina pampu moja iliyokufa zamani, grisi iliyogeuka udongo, na dirisha lisilo na kioo linalotazama bwawa. Mlinzi wa getini aliniazima kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Siku ya kwanza harufu ilinitoa machozi na maneno ambayo sitayaandika hapa. Baadaye nikazoea hata chai yangu nikawa nainywea humo humo, na hilo lilinitia hofu kuliko harufu yenyewe.

Ndege walijitokeza asubuhi ya kwanza, jua lilipokuwa bado chini. Dume nilimjua papo hapo. Shingo yake ilikuwa nyekundu iliyokoza, rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, mgongo una mng'ao wa kijani, na begani ana mstari mweupe kama mkanda wa begani unaoshikilia suruali ya bwana mdogo aliyependeza. Na ile miwani yake nyeupe! Nikampa jina la Bwana Harusi. Mwenzake alikuwa wa rangi ya vumbi, madoadoa mwili mzima, kana kwamba alisimama kwenye manyunyu akakauka bila kujifuta. Huyo sikumpa jina.

Nikamfuata Bwana Harusi. Nilimfuata asubuhi, nilimfuata jioni. Alitembea kwa madaha akitikisa makalio kila baada ya hatua chache, alikula, alioga, alikunja mbawa na kuzikunjua. Alitoa sauti ya chini, ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Alimfukuza ndege mwingine hadi ng'ambo, akarudi amejaa kiburi. Jambo moja tu hakulifanya: hakukaa. Kila alipoelekea kwenye matete roho ilinipanda, kidole kikawa tayari, na kila mara alitokea upande wa pili mikono mitupu, kama naweza kusema hivyo kwa ndege.

Jioni nilikuwa nachambua picha kama ninavyochambua za harusi. Ukipiga harusi, kamera inabaki kwa waliopambwa. Siku zote kuna mtu mmoja kasimama nyuma na sahani yake, haondoki, anaingia kwenye kila picha nzuri, na huyo unamkata au unamfuta. Yule wa vumbi alikuwa mtu wa sahani. Bwana Harusi akigeuza shingo vizuri, mwanga ukimkubali, nikitazama kwenye kona ya picha namkuta yule mwingine, kichwa tu kinachungulia kwenye majani, pale pale alipokuwa jana. Alinikera kweli. Nilifuta kila picha aliyoingia.

Ijumaa katapila likashushwa kutoka kwenye lori. Dereva wake alikuwa pande la mtu, wenzake wakimwita Bonge, na alikuwa na maneno laini ya kuudhi.

"Dada mpiga picha," akaniambia mlangoni mwa kibanda, "nyumba ya huyo ndege hujaiona bado?"

"Bado."

"Usijali. Jumatatu utaiona kwenye ndoo yangu."

Nilimjibu jibu ambalo mlinzi alilisikia kutoka getini. Bonge akacheka hadi akashika tumbo, akaenda kupaka grisi mashine yake. Nikabaki na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, maana alichosema ndicho kilichokuwa kinakuja.

Jumapili jioni nilikwenda kwa Dada nimekata tamaa. Sikubisha hodi vizuri, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake na kumtupia kamera mapajani.

"Ndege wako hana kiota," nikasema. "Dume lako ni mzururaji. Wiki nzima namfuata anakula na kujishaua, hakai hata dakika. Kama kuna mayai, ameyasahau."

Dada alianza kupitisha picha, moja baada ya nyingine. Shemeji akasimamisha cherehani. Nilitarajia Dada alie, nami nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Akaendelea kubonyeza tu, uso unazidi kukunjamana.

"Dume yuko wapi?" akauliza.

"Si huyo hapo?"

"Huyu ni jike."

"Dada, acha mzaha. Na rangi zote hizo?"

"Jike ndiye mwenye rangi!" Alipaza sauti hadi Shemeji akaruka. "Kwa hawa kila kitu kimegeuka, nilikwambia! Jike ndiye anayejipamba, ndiye anayetongoza, ndiye anayeondoka. Dume anavaa vumbi ili asionekane akiwa amelalia mayai. Wiki nzima ulikuwa unamfuata mama aliyekwisha kuaga!"

"Uliniambia nimfuate dume. Hukuniambia dume ndiye yule mbaya!"

"Nilidhani unajua!"

"Ningejuaje? Mimi nimekua na kuku! Jogoo ndiye mwenye rangi!"

Tulikuwa tumeshapandisha sauti kama zamani tukigombania shuka. Shemeji akaweka mkono kati yetu. "Basi, basi. Huyo mwenye vumbi, picha zake ziko wapi?"

Nilisikia masikio yanawaka moto.

"Nimezifuta," nikasema.

"Zote?"

"Alikuwa ananiharibia! Kila nikipata picha nzuri naye yumo kwenye kona, kichwa kimechomoza kwenye majani. Asubuhi yumo, jioni yumo. Hasogei, hali, hafanyi lolote. Kakaa tu pale pale wiki nzima kama—"

Nikasita. Dada alikuwa ameinua uso wake polepole, na macho yamemtoka.

"Pale pale wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kushoto kwa bomba lile lililoinama," nikasema, na nikajisikia naanza kucheka. "Kwenye kishada cha majani makavu. Dada. Ninapajua. Ninapajua kuliko ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Wiki nzima nilikuwa napakata kwenye picha."

Dada akanishika mashavu kwa mikono miwili akanibusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipofaulu mtihani wa darasa la mwisho. Kisha akanipiga kofi dogo la shavu.

"La kuzifuta," akasema. "Sasa kalale. Kesho alfajiri tunakwenda."

"Tunakwenda nani na nani?"

Alikuwa tayari anamwambia Shemeji akaazime toroli.

Kwa hiyo Jumatatu, kukiwa kumepambazuka tu, mji ulituona tukipita: Shemeji akisukuma toroli la fundi mwashi lililotandikwa magodoro ya viti, Dada ndani yake kama malkia wa saruji, mguu wa plasta umetangulizwa mbele, na mimi nyuma nikibeba kamera na kuomba Mungu tusikutane na mteja wangu yeyote. Dada alitoa amri njia nzima. Kushoto, shimo, taratibu, kulia. Penye tuta Shemeji alihema kama cherehani lisilo na mafuta.

"Mke wangu," akasema, "mume wa yule ndege ana afadhali. Yeye amekaa."

Meneja alitukuta mlangoni mwa kibanda. Alimtazama Dada, akatazama toroli, akavua kofia yake.

"Mwalimu, unajua nakuheshimu," akasema. "Lakini katapila linaanza asubuhi hii."

"Tupe nafasi kidogo. Kiota tumeshajua kilipo."

"Kujua si kuona."

Tukamwingiza Dada ndani, tukamkalisha kwenye kiti cha waya. Nikaelekeza lenzi kushoto kwa bomba lililoinama. Majani. Nikazungusha, nikakaza, nikashusha pumzi. Majani matupu. Nilianza kuona moyo unanishuka, ndipo Dada, aliyekuwa na darubini, akanigusa kiwiko bila kuondoa macho.

"Chini zaidi," akanong'ona. "Tafuta miwani."

Nikashusha lenzi. Katikati ya vumbi na nyasi kavu nikaona duara dogo la rangi hafifu, na ndani ya duara jicho jeusi linalotazama moja kwa moja kwetu. Ukishaliona jicho, na mengine yanakuja: mdomo, mabega, mgongo wenye madoadoa uliojibana chini kabisa. Alikuwapo. Wiki nzima alikuwapo. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikampelekea Meneja picha.

"Naona majani," akasema Meneja. Nikamvutia karibu. "Sawa, naona ndege kwenye majani. Amekaa. Hata mimi hukaa, dada, na sitagi."

Ilinichoma, lakini hata mimi ningekataa picha ile. Nikainama nikaokota kijiwe sakafuni. "Nikirusha karibu yake atainuka," nikamwambia Dada. "Sekunde moja tu, napiga, tumemaliza."

"Ukirusha hicho kijiwe," Dada akasema bila kunitazama, "utafute dada mwingine."

"Dada, ni hicho au katapila!"

"Akikimbia akaacha mayai yapate baridi, picha yako itakuwa ya mayai yaliyokufa. Weka chini."

Nikaweka chini. Meneja akasugua uso wake. Alikuwa anataka kutusaidia, niliona, ila hakuwa na cha kushika. Mwishowe akasema Bonge ataanzia upande wa mbali kabisa wa bwawa na kuja huku taratibu. Hadi afike katikati, picha iwe imepatikana. Ikiwa haijapatikana, ataendelea hadi mwisho.

Katapila likawaka. Kibanda kilitikisika na vumbi la dari likatumwagikia vichwani. Ndoo ikanyoosha shingo, ikazama, ikatoka na mzigo wa tope jeusi ukidondosha maji, ikaumwaga kwenye tuta. Ikarudi tena. Kule mbali ndege wadogo waliruka kwa makundi. Bibi Harusi wetu, maana sasa nilimjua kwa jina lake la haki, akapaa na rangi zake zote akaenda zake ng'ambo. Kwenye lenzi yangu lile jicho halikupepesa.

Bonge alikuja. Tope kwa tope alikuja. Kila mzigo ulipomwagwa nilimtazama Dada, na Dada hakutazama kitu kingine ila yale majani. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alipofika katikati, Bonge akapunguza moto wa injini na kumtazama Meneja. Meneja akamtazama Dada. Dada akatikisa kichwa: bado. Meneja akasimama kidogo, kisha, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu, akainua mkono kumpa ruhusa aendelee.

Nikainuka. Sikuwa na mpango, nilitaka tu kwenda kusimama mbele ya lile lichuma na kumtukana mtu. Dada akanidaka shati kwa nyuma.

"Kaa!"

"Anakuja, Dada!"

"Na yeye kakaa! Huoni kwamba kakaa?" Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Hakuna ndege anayekaa hivyo kwa ajili ya majani. Kaa kwenye kamera yako. Akifanya lolote, usimkose."

Nikakaa. Nikaegemeza lenzi kwenye ukingo wa dirisha. Ndoo ilipita juu ya bomba lililoinama, kivuli chake kikaanguka kwenye kishada cha majani makavu, na hapo yule mtu wa vumbi, yule niliyemfuta wiki nzima, akasimama.

Hakukimbia. Alisimama, akaigeukia ndoo ya chuma iliyoweza kumeza ndege elfu wa aina yake, na akafungua mbawa. Alizifungua kwa mbele, akazitandaza pande zote mbili za kichwa kama pazia, na ndani ya mbawa zile za vumbi kulikuwa na madoa ya dhahabu yaliyopangwa mistari kwa mistari, mengi, yanang'aa, mapambo ambayo sijawahi kuyaona kwenye vazi la harusi yoyote. Mkia nao ameuinua. Mdomo wazi, anaizomea ndoo. Na miguuni pake, kwenye bakuli la nyasi, vifaranga wenye mistari bado wabichi wanapapasa, na yai moja lenye tundu, na kwenye tundu ncha ya mdomo inasukuma.

Nilibonyeza. Sikupumua, nilibonyeza tu. Nadhani nilikuwa napiga kelele pia, Shemeji anasema nilikuwa napiga kelele.

Injini ikazimika ghafla. Ndani ya kibanda chake cha kioo, Bonge alikuwa ameinua mikono miwili juu kama mwizi aliyekamatwa, anamtazama yule ndege bila kufumba macho. Meneja hakuwa amesema neno. Bonge alikuwa amezima mwenyewe.

"Jamani!" akaita kutoka kule juu, na ile sauti yake ya kuudhi haikuwapo. "Ana watoto! Huyu ana watoto!"

Nilimpelekea Meneja kamera. Safari hii hakuhitaji kuvutiwa karibu. Alitazama picha ya mbawa, akatazama ya vifaranga, akarudia ya mbawa, na nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetua gunia. Akatoa simu.

"Mkubwa, shikamoo," akasema, amesimama wima kabisa. "Bwawa la mwisho halichotwi. Hapana, mashine ni nzima. Kuna ndege adimu wameangua vifaranga hapa. Wapita njia? Nani kakwambia ni wapita njia? Ni wa hapa hapa, mkubwa, wanazaliwa kwetu, nimewaona kwa macho yangu! Mtu yeyote anayebisha mlete kwangu." Akasikiliza, kisha akaongeza kwa fahari ya baba mzazi, "Ndiyo. Ushahidi ninao mkononi."

Shemeji akapiga magoti kwenye grisi akamkumbatia Dada, plasta na yote. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja na kusema "mke wangu, mke wangu", na Dada akampigapiga mgongoni kwa mkono mmoja. Mkono mwingine haukuachia darubini.

Kule kwenye majani, ndege alikuwa amekunja mbawa zake, dhahabu imepotea, amerudi kuwa vumbi. Alisubiri. Yai lile lenye tundu likapasuka, kifaranga wa mwisho akajimwaga nje, akaanguka kifudifudi, akainuka, akaanguka. Baba yake akamfunika kidogo kwa ubawa hadi manyoya yakaanza kukauka. Kisha akapiga hatua kuelekea kwenye tope la wazi, akageuka, akaita, na wote wakamfuata, wadogo kuliko vizibo, wakipita chini ya ndoo iliyosimama, na Bonge kajikunja kwenye kiti chake haruhusu hata chuma kilie.

Mimi nilikuwa nimezipata zote. Nikapiga magoti kando ya kiti cha Dada, nikamwekea kioo cha kamera mbele ya uso, nikamwambia atazame, atazame alivyotoka vizuri, hizi mtu yeyote mwenye vitabu vyake ataziamini.

Dada akaisukuma kamera pembeni kwa kiganja, kwa upole kabisa.

"Nipishe, mdogo wangu," akasema. "Nawaona."